Kibali cha Kulia

Watu waliozeeka na virusi vya UKIMWI walivaa bangili ya kupima moyo, na bangili ndiyo iliyotoa ruhusa ya kwenda msibani. Majonzi yalipandisha presha, na mishipa yao ilikuwa imechakaa kabla ya wakati.

Rafiki yake Nakijwa alipofariki, Bi Namsifu aliomba ruhusa mara mbili, na mara zote taa ya bangili ikawaka nyekundu. Walianza dawa siku moja, kliniki moja, miaka arobaini iliyopita.

"Mama, fuatilia mazishi kwenye simu tu," mkwewe Nanzia alimshauri.

"Nakijwa nimzike kwenye simu? Atafufuka anitukane."

Akakaa jikoni akichambua mchele taratibu, akijikataza kumkumbuka, hadi taa ikawa ya kijani.

Makaburini watu walilia. Yeye alitupia udongo wake, macho makavu. Binti wa marehemu alimkazia macho.

Waliporudi nyumbani, Nanzia alimvua bangili. "Sasa lia, mama. Kliniki wakiuliza kwa nini imevuliwa, nitasema ulikuwa unaoga."

Namsifu akainamisha kichwa. Wakasubiri pamoja. Chai ikapoa, na chozi halikuja.