Miiba ya Mama Nungunungu

Hadi leo sijaelewa ni nani hasa aliyetengwa na kanisa la wanyama siku ile.

Askofu Korongo alihubiri kwamba mbinguni hakuna miiba. Mama Nungunungu, mjane, akasimama.

"Baba Askofu, sasa mimi nitaingiaje? Na marehemu mume wangu nitamtambuaje bila miiba yake?"

"Anayehoji mafundisho hutengwa!" Korongo akakaripia.

Aliyetengwa hakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa, na mume wa Mama Nungunungu alilala huko.

"Basi nitengeni," mama akasema, "ila nijibuni kwanza."

Korongo akapekua kitabu, akapekua tena, kisha akamgeukia katibu wake. "Kobe, kwani mafundisho yanasemaje kuhusu nungunungu?"

"Baba Askofu," Kobe akajibu taratibu, "naona na wewe umeuliza."

Nyani akacheka mpaka akadondoka kwenye benchi. Wazee wa kanisa wakanong'onezana kwa muda mrefu, wakaamua kwamba waulizaji wote wawili watolewe nje na mlango ufungwe. Mwenye ufunguo alikuwa Korongo. Akatoka na Mama Nungunungu, akatii uamuzi, akafunga mlango kwa nje, waumini wote wakiwa ndani.