Diski Inatumika

Kwa mara ya tatu skrini ilimjibu Edith vilevile: diski inatumika, haiwezi kufomatiwa.

Inatumika na nani? Alishabadili flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, akazima mashine na kuiwasha upya, maana diski iliyofunguliwa hukataa kufutwa hadi mashine izimwe. Kibandani kwake Katandala hakuwahi kushindwa na kompyuta kuukuu, na hii ilianza kumtia aibu.

Mteja wake, Mzee Kasimiri wa Izia, hakuonekana kujali. Alikaa kwenye stuli, kofia magotini. Kompyuta ilikuwa ya mwanawe Adolfu, aliyezikwa mwezi wa tatu na neno lake la siri. Kesho alfajiri dada wa marehemu, Cornelia, angepanda nayo basi kwenda chuo. Ilibidi ifutwe yote, iwekwe Linux, ianze upya.

Mwanzoni Edith aliiwasha kwa flashi, isiyouliza neno la siri. Akabonyeza alama ya diski, zikatokea picha za Adolfu. Akauliza kama azihifadhi kwanza.

"Za nini tena, binti yangu? Futa," mzee alisema, akatia sahihi kwenye daftari kwa mkono wa kushoto.

Edith alimwona mgumu wa moyo.

Kila mashine ilipowaka upya, mzee aliomba maji. Mtu mzima akiomba maji huwezi kumwambia asubiri. Edith alikwenda bombani kwa jirani, akarudi, akampa kikombe kwa mikono miwili. Kisha akakitoa kipanya upande wa kushoto wa meza, akakirudisha kulia, akafomati. Ikagoma. Akadhani labda mzee ana sukari, kwa jinsi alivyokunywa.

Sasa alimwambia kwamba diski imechoka. Atajaribu mara moja tu. Ikikataa, ataing'oa na kufunga nyingine. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mashine ilipowaka, akaomba maji.

Safari hii Edith alikutana na jirani nje ya mlango wa kibanda, amebeba ndoo ya maji. Akajaza kikombe palepale, akageuka, akasogeza pazia la mlango.

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa juu ya kipanya. Kwenye skrini Adolfu alikuwa anacheka katikati ya shamba la ulezi.

Edith aliliachia pazia taratibu. Akayamwaga maji, akaenda bombani kuchota mengine.