Hapa Jani Halitoki

"Hapa jani halitoki," Mzee Kyaruzi alisema, akalilaza jembe lake kukatiza njia ya kuingilia kibanjani.

Joviana aliuma meno. Alikuwa ametembea kwa mguu kutoka Miembeni hadi Ijuganyondo, jua la utosi, na hata maji hakukaribishwa. Kesho yake, Jumapili, ndiyo siku ya tamasha la muziki pale ufukweni, na yeye ndiye aliyekabidhiwa mambo ya mazingira. Wafadhili walisema wazi: ikionekana sahani moja ya plastiki, mwakani hakuna tamasha. Joviana akawaahidi kwamba watu wote watakula juu ya majani ya migomba, kama walivyokula babu zao. Sasa alihitaji majani mia tatu, na kibanja kikubwa cha migomba kilichokuwa karibu kilikuwa cha huyu mzee mwenye roho ya korosho.

"Kwa nini, tata?"

"Sababu ni yangu. Nenda."

Nyuma yake Joviana aliliona shimo refu lililofukiwa nusu, udongo wake mbichi, majani yakichungulia pembeni. Hapo akaelewa. Mhaya gani asiyelijua shimo la namna hiyo? Mzee kavundika ndizi za rubisi. Atakuja kuuza pombe palepale tamashani, huku majani anawanyima wenzake. Joviana alimwambia hivyo hivyo, usoni, akaongeza kwamba atakufa na atazikwa na majani yake. Mzee alitema mate chini, akaokota jembe, akaendelea kufukia.

Jumapili kengele ya misa ya kwanza ilipolia, Joviana hakwenda kanisani. Alijua Kyaruzi hakosi misa. Aliiacha bajaji aliyoikodi barabarani, akaingia kibanjani kwa nyuma na panga lake, akakata jani baada ya jani, na kila pigo aliliona tamu. Migomba mingine majani yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano na kulegea. Hayo aliyakata akayatupa, akimlaani mzee kwa uvivu wa kutotunza shamba.

Bado hayakutosha, kwa hiyo akapitia kwa mama yake, mtaa wa Bakoba. Mama Evodia alihamia hapo mikono mitupu, baada ya ugonjwa wa mnyauko kumaliza migomba yake yote kule Muleba. Alianza upya, mche kwa mche, na kibanja hicho ndicho kinachomlisha hadi leo. Panga la mgeni haliingii kwake kabla halijapitishwa motoni kuua ugonjwa. Lakini mama naye alikuwa misani, jiko limepoa, na Joviana hakuwa mgeni. Kwa huruma alikata jani moja tu kwenye kila mgomba, asiuchoshe hata mmoja.

Tamasha lilifana. Watu walikula ndizi na sato juu ya majani, wakalamba vidole, na hakuna plastiki iliyoonekana kuanzia jukwaani hadi majini. Wafadhili walipiga picha mpaka wakachoka. Jioni Joviana alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akawashukuru waliotoa majani. Alimtaja Mzee Kyaruzi wa Ijuganyondo, na hilo alilisema kwa kumkomoa. Kisha akamtaja mama yake mzazi, Evodia wa Bakoba, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele akicheka na kujifunika uso kwa kitenge.

Aliposhuka, Kyaruzi alikuwa akimsubiri chini ya ngazi, bado yumo ndani ya koti lake la kanisani. Joviana alijiweka tayari. Alitamani mzee amtukane, ili naye apate kumjibu mbele za watu.

Mzee hakupaza sauti.

"Niliona aibu kukwambia," alisema. "Lile shimo halina ndizi, mwanangu. Nimezika migomba iliyonyauka."

Alimtazama Mama Evodia pale alipokaa, kisha akamgeukia tena Joviana.

"Panga ulilokatia kwangu, ulilichoma moto kabla ya kwenda kwa mama yako?"