Sungura wa Kwapani

Masikio ndiyo yaliyomshinda Bi Sindano. Mito yote aliyowahi kushona ilikuwa na umbo la moyo, na hakuna hata mmoja ulioombewa masikio.

Kila Jumamosi wanawake wa kikundi walikaa katika chumba kilicho nyuma ya zahanati, wakishona mito midogo bila malipo. Mgonjwa aliyekatwa titi huubana mto huo kwapani ili mkono usisugue mshono. Sheria yao ilikuwa moja: anayeshona hatajiwi jina la mgonjwa. Humwombea tu anapofunga uzi wa mwisho.

"Huyu anataka sungura," alisema muuguzi mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka mito hospitalini. "Nyumbani uonekane mdoli wa mtoto. Mama mkwe wake asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba anaumwa. Huyo mama kila kukicha anamwambia mwanawe aoe mwingine. Akisikia titi limekatwa, si ndiyo amepata sababu? Mume anajua, lakini mbele ya mama yake hafungui mdomo."

Chumba kizima kikaguna. Bi Sindano, kama walivyozoea kumwita mshonaji wao hodari, akaweka mkasi chini.

"Watu wengine wana roho ya jiwe," alisema. "Mimi hapa, mke wa mwanangu yuko kwao wiki ya pili sasa, eti anapumzika. Kuna aliyenisikia nikisema neno?"

Wenzake wakacheka, wakamsifu kwamba mkwe kama yeye ni bahati.

Masikio yalipokaa sawa, vikakosekana vifungo vya macho. Alikata kimoja cha bluu kwenye koti lake kuukuu, na kingine, cha kahawia, akakipata chini ya kopo la uzi. Sungura akawa anakodoa macho kama aliyeamshwa na kelele. Wakacheka tena, na Bi Sindano naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Alipofunga uzi wa mwisho alimkumbatia sungura, akafumba macho. Alimwombea mgonjwa kidonda kikauke na ugonjwa usirudi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akamwombea na yule mama mkwe.

"Ee Mungu, mwanamke yule mfikishe mahali ajione alivyo. Usimfiche kitu."

Chumba kizima kikaitikia amina.

Jumamosi iliyofuata alirudi nyumbani miguu ikimuuma, na moyo mweupe. Alimkuta mke wa mwanawe amesharudi, ameketi sebuleni, uso umemsawajika. Hakuinuka kumpokea mfuko. Alimwamkia palepale alipokaa, mkono wa kulia ameubana ubavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepumzika ukashiba?"

Hakungoja jibu. Akapita hadi jikoni, mwanawe alikokuwa akimimina chai, akaanza kusema kwa sauti ya kumfikia wa sebuleni.

"Mwanangu, nilikwambia na leo narudia. Mtoto mmoja, basi, na mwenyewe kazi yake kulala. Oa mwingine, nami nipate wajukuu kabla sijafa."

Mwanawe alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Aliikoroga muda mrefu.

Mjukuu wake akatoka chumbani mbio, amekumbatia kitu kifuani. Bi Sindano akainama, akapanua mikono yote miwili. Mtoto akarudi nyuma.

"Usimbane, bibi. Huyu ni wa mama, analala naye kwapani. Mimi nimeazimwa tu."

Juu ya mkono wa mtoto sungura alikuwa akichungulia, jicho moja la bluu, jingine la kahawia.