Ruhusa ya Mhanga

Wanyama wenye visima vya mafuta waliapa mbele ya Nyegere, mwenyekiti wao: kila mmoja achote kibuyu kimoja tu kwa siku, bei isije ikaanguka.

Mtoto wa Mhanga akashikwa na homa kali. Ngedere mganga akataka malipo ya vibuyu kumi papo hapo.

"Bwana mkubwa, niruhusu leo tu," Mhanga alimlilia Nyegere.

"Kiapo ni kiapo, mama. Nenda."

Kesho yake mtoto akafa. Wenzake Mhanga wenye visima wakaja matangani na rambirambi, kila mmoja vibuyu kumi vya mafuta.

"Mmevichota lini?" Mhanga akauliza.

Nyegere akajikuna. "Kosa lako kuniuliza, mama. Mwenyekiti akiulizwa atajibu nini? Ungechota kimya, kama sisi sote."

Mhanga akatazama kucha zake, bado zina udongo wa kaburi.