Nyumba ya Magurudumu

Kila nyumba lazima iwe na magurudumu, ili, mradi wa taifa ukihitaji ardhi, trekta lije liivute. Yetu imeshavutwa mara nne: kupisha bwawa, kupisha reli, kupisha mashamba ya umeme wa jua, na mara moja kwa sababu ambayo hatukuambiwa. Nimezoea kuzungushia vikombe kanga visivunjike.

Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mgomba, ili mtu ajue kwao ni wapi. Cha mwanangu Mujuni kilipodondoka, mama mkwe alikataa kukizika uani.

"Tukihamishwa tutamwachia nani?" aliniuliza. Akakifukia kwenye ndoo kuukuu ya udongo, juu yake akapanda chipukizi la mgomba, ndoo akaiweka kando ya mlango. "Huyu atahama na kwao."

Jana asubuhi trekta lilikuja tena. Afisa alimwamkia mama mkwe kwa adabu, akajaribu kuipakia ndoo. Haikuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa kitako na kuingia ardhini.

"Bibi, sheria hairuhusu kitu chenye mizizi," alisema, kama anayeomba radhi.

"Mimi nilipanda kwenye ndoo, baba. Hayo mengine kaulize mgomba."

Afisa akainama na panga, akaikata mizizi kwa pigo moja. Ndani, Mujuni akazinduka usingizini kwa kilio ambacho sijawahi kukisikia. Nikaingia mbio, nikamfunua. Kitovu chake, kilichopona miezi mitatu iliyopita, kilikuwa kinatoka damu, na nyumba ilishaanza kwenda.