Kigoda Chini ya Tangi

"Toka kwenye koki!" alifoka Shemdoe, fundi aliyejenga tangi la mji. Nyuma yake watu waligonga ndoo tupu.

Mhandisi Zamda hakusogea. "Maji yakifika mita nne, kila mita ya ukuta itasukumwa kwa tani nane. Ukuta wako ni mwembamba. Yakiishia mita mbili, zitakuwa tani mbili tu."

"Nusu ya nane ni mbili? Hata hesabu hajui!"

Watu wakaangua kicheko. Shemdoe akamsukuma kando, akafungulia maji.

Zamda akavuta kigoda, akakiweka chini ya ukuta. "Kina kikiwa nusu, msukumo huwa robo. Huamini? Basi keti hapa, fundi, mpaka lijae."

Kicheko kilikatika. Shemdoe aliwatazama watu, kisha akaketi, mgongo ukigusa ukuta. Maji yalipozidi kupanda, watu walianza kurudi nyuma, mmoja mmoja.